Kigawo cha 4294967297

Namba 4294967297 naijua kwa ghibu, kama wengine wanavyojua namba zao za simu. Ukiandika 2 mara 32, ukazizidisha zote, kisha ukaongeza 1, unaipata. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537, zinazoundwa vivyo hivyo kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, zote ni namba tasa, akaamini kwamba zitakazofuata nazo zitakuwa tasa. Inayofuata ndiyo hii, na hapo ndipo alipokosea: mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6700417.

Kilichonivutia zaidi ni uchache wa kazi yenyewe. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii kikigawanywa kwa 64 lazima kibakize 1, kwa hiyo namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Hata 257 ingeweza kurukwa, kwa sababu 4294967295 ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, na namba yetu inaizidi kwa 2 tu, hivyo ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo tano utabakiwa na 2. Migawanyo minne, basi! Fermat, ambaye kanuni ya msingi ya jambo hili ni yake mwenyewe, angeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Wala si lazima kugawanya. Jumapili iliyopita niliweka simu kando nikachukua penseli. 641 ni 5 × 128 + 1, yaani 5 mara 2 kwa kipeo cha 7, kuongeza 1. Kwa hiyo, katika hesabu ya mabaki ya 641, ambamo namba mbili huhesabiwa sawa zikibakiza kiasi kilekile zikigawanywa kwa 641, 5 × 128 ni sawa na −1. Pandisha pande zote mbili kwa kipeo cha 4: 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 inabakiza 1. Lakini 641 ni pia 625 + 16, hivyo 625 ni sawa na −16, na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Ukiiweka mahali pake, 2 kwa kipeo cha 32 ni sawa na −1, na ukiongeza 1 hakibaki kitu. Mistari minne ya daftari.

Namba hii ina alama nyingine inayofichua kwamba si tasa. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili tofauti, ilhali hii ni 65536² + 1² na pia 62264² + 20449². Hiyo ya pili nilikosea kuzidisha mara mbili kabla haijakubali: 3876805696 kujumlisha 418161601.