Kidole kilisema 6.1, maabara ikasema 8.2

Leo nimetoka kliniki nimenuna. Kila asubuhi kabla ya kula, kipimo cha kidole kinanipa 6 na kitu (mmol/L, yaani kiasi cha sukari kwenye damu wakati huo), nikajua sukari nimeiweza. Majibu ya HbA1c, kipimo cha maabara cha sukari iliyonata kwenye damu, yakaja: 8.2%. Nikadhani wamechanganya damu yangu na ya mtu mwingine!

Daktari akanichorea. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku kama 120, kwa hiyo kipimo hiki husoma wastani wa miezi miwili mitatu, pamoja na zile saa ambazo mimi sipimi. Kumbe inapanda nikishakula, nami nasherehekea asubuhi! Lengo nililopewa ni chini ya 7%. Sasa napima pia saa mbili baada ya mlo.