Nilivyopambana na wazo la "jua limekaribia" darasani

Januari, Dar inapochemka, muulize mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza kwa nini kuna joto namna hii. Atakujibu bila kusita: jua limetukaribia. Mwanafunzi huyohuyo kwenye mtihani ataandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mhimili wa dunia umeinama nyuzi 66½ kutoka kwenye bapa la njia yake, na alama zote atapata. Majibu hayo mawili yanakaa kichwani mwake bila kugombana. Nafundisha Jiografia shule ya kata huku Mbagala, na watoto wa aina hii ndio walionikosesha usingizi. Asiyejua huuliza. Huyu haulizi, maana jibu analo.

Tatizo kubwa kwa mtoto wa Dar ni kwamba nusu ya wazo lake ni kweli. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, kama kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, kama milioni 152. Januari tunaoga jasho, Julai watu wanapanda daladala za alfajiri na masweta. Mtoto ameunganisha vitu viwili ambavyo kweli vinatokea pamoja, na hiyo ni akili inayofanya kazi. Ukimwambia tu "hapana, si hivyo", umeweka neno lako dhidi ya ngozi yake mwenyewe, na ngozi itashinda. Vitabu navyo vinachangia: njia ya dunia inachorwa imerefuka kama yai, jua limewekwa upande mmoja, na mtoto anaona wazi kabisa kwamba kuna mahali tunalisogelea sana.

Nilianza kwa kura. Darasa lina watoto zaidi ya themanini, siwezi kumsikiliza mmoja mmoja. Naandika ubaoni swali na maelezo manne yenye namba, kila mmoja anaonyesha vidole mbele ya kifua ili jirani asimwone, kisha anaandika kwenye karatasi sababu ya kuchagua namba hiyo. Baada ya hapo wanajadiliana wawili wawili na kupiga kura tena. Mbinu hii ilipata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, miaka ya 1990, na haihitaji kifaa chochote. Kinachonifaa zaidi ni zile sababu. Jibu sahihi lenye sababu mbovu ni la kushughulikiwa sawa na jibu lisilo sahihi.

Mjadala niliuruhusu kwa Kiswahili. Hawa watoto wametoka darasa la saba majuzi tu, na kwa Kiingereza wanachoweza ni kurudia sentensi ya kitabu. Nikitaka kusikia wanachoamini, lazima waseme kwa lugha wanayogombania nayo mpira.

Matokeo ya kura ya pili yalinifunza jambo. Wazo la umbali halikupungua, liliongezeka. Watoto wenye imani moja wakikaa kujadiliana wanatiana nguvu tu. Mjadala unahitaji ushahidi wa kuulisha.

Tukatoka uwanjani. Nikawapa kipimo: kilomita milioni moja iwe sentimita moja. Katikati tukaweka gololi, ndiyo jua, maana upana wa jua kwa kipimo hicho ni kama sentimita moja na nusu. Upande mmoja tukapima sentimita 147, upande wa pili 152, tukaizungusha njia kwa kamba na kijiti. Ikatokea duara. Watoto waliizunguka wakitafuta lile yai la kitabuni na hawakuliona. Kisha nikauliza, kwa kipimo hiki dunia ina ukubwa gani? Wakapiga hesabu ya kilomita 12,700 na ushee, wakapata kama sehemu ya kumi ya milimita. Mmoja akaokota punje ya mchanga laini, akaiweka juu ya mstari.

Ndipo nikaleta mpira. Hakuna asiyepitia vibanda umiza hapa mtaani, na ligi ya Uingereza wanaijua kuliko mtaala. Nikauliza: Januari, dunia ikiwa karibu na jua, wachezaji wa kule wanavaa nini? Glovu. Pumzi zao? Zinatoa moshi. Wakati mwingine uwanja una theluji. Kama ni umbali, mbona punje ni moja na upande mmoja unaganda? Kelele zilizoibuka pale nilizitaka sana. Lakini wazo la zamani haliondoki kirahisi hivyo, linabadilisha nguo. Kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, dunia imeinama, kwa hiyo Januari Uingereza inaegemea mbali na jua, sisi huku tunaegemea karibu." Wengi wakapiga makofi. Ameuchukua mwinamo wa kitabu akautia ndani ya wazo la umbali, na kwenye mtihani hakuna ambaye angegundua. Sikumjibu. Nilimwomba aende kwenye ile punje atuonyeshe huo umbali uko wapi, gololi ikiwa mita moja na nusu kutoka pale. Aliinama akaitazama, akacheka, akasema, "Haupo."

Niliweka sharti moja: hakuna anayesema "fulani amekosea". Mawazo yana majina ubaoni, wazo la umbali, wazo la pembe, na tunagombana na wazo. Darasani kwetu kuzomea ni jambo la sekunde moja, na mtoto akizomewa mara moja utafundisha mwaka mzima bila kusikia tena anachofikiri. Huwa nawasimulia habari za Erasto Mpemba, aliyekuwa sekondari mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa ice cream uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake. Alipomuuliza mwalimu kwa nini, aliambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka chuo kikuu hapa Dar. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanalibishania jambo lile mpaka leo. Nawasimulia hili kwa sababu sitaki wafikiri kwamba wazo linahukumiwa kwa vicheko. Linahukumiwa kwa kupimwa.

Kuondoa wazo la umbali bila kuweka kitu mahali pake ni kazi bure, kwa hiyo tulihamia kwenye pembe: mwinamo wa dunia hubadilisha pembe ambayo miale ya jua inatufikia. Tochi ya simu juu ya daftari la hesabu, lile la miraba: ukiishika wima unahesabu miraba inayomulikwa, ukiilaza kwa umbali uleule miraba inaongezeka na mwanga unafifia. Mwanga ni uleule, umegawanywa kwa wengi. Hili walilielewa haraka, sina la kuongeza.

Fito la mita moja ndilo lililochukua muda, na ndilo ninalolipenda. Tulilisimika wima uwanjani na kupima kivuli cha mchana. Hapa Dar, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 4 Machi na tarehe 10 Oktoba. Siku ya Machi kivuli kilijikusanya mpaka kikaishia kwenye shina la fito, na watoto wakawa wanakanyaga vivuli vyao wenyewe. Angalia saa lakini. Haiwi saa sita kamili, ni kama saa 6:35, kwa kuwa saa zetu zimepangwa kwa longitudo 45 mashariki na sisi tuko karibu na 39, na mwendo wa dunia wenyewe huongeza au kupunguza dakika kadhaa. Oktoba ni kama saa 6:10. Julai, shule zilipofunguliwa, kivuli kilikuwa zaidi ya nusu mita na kimelala kuelekea kusini. Mwishoni mwa Novemba kilikuwa kama robo mita, kimegeukia kaskazini. Namba hizo walizipima wao, ziko kwenye daftari zao, na nikisema "pembe" wanakumbuka fito.

Binti mmoja aliitazama jedwali lake akauliza: kama Oktoba jua liko utosini sawa na Machi, mbona Oktoba hatuungui kama Februari na Machi? Swali hilo halimo kwenye notisi zangu, na kusema ukweli pembe peke yake hailijibu. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake ambaye baba yake ni mvuvi wa Feri akasema upepo wa kusi ndio kwanza unakatika, wa kaskazi haujaingia. Nikaongezea kwamba bahari hupata joto polepole na hupoa polepole, na hapa pwani hewa tunayovuta imepitia juu yake. Majira ya Dar ni pembe ya jua, pepo, mawingu ya masika na bahari kwa pamoja. Mtoto anayeyajua yote hayo hana tena haja ya kulisogeza jua.

Oktoba niliwarudishia kura ileile bila kuwaarifu. Wengi walibaki kwenye pembe, wachache walikuwa wamerudi kwenye umbali, na hao nilikaa nao tena na ile gololi. Nyumbani kila mtu anawaambia jua limekaribia, na hawako peke yao: mwaka 1987 wahitimu wa Harvard waliulizwa sababu ya majira wakiwa bado na majoho ya mahafali, na wengi walitaja umbali.

Kwa anayetaka kujaribu fito akiwa nje ya Dar, tarehe hubadilika kwa latitudo. Mwanza lenga katikati ya Machi au karibu na tarehe 29 Septemba. Mtwara, karibu na tarehe 22 Februari au 20 Oktoba. Anza kupima siku mbili tatu kabla, maana wingu moja la mchana linatosha kukuharibia kipindi.