Shangazi alikuwa na hela

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kubana matumizi kwelikweli, taa ikiwaka chumba kisicho na mtu anaamka usingizini kuja kuizima, nguo anashona na kushona tena mpaka hujui kitambaa cha mwanzo kilikuwa kipi, na sisi wote tulijua hana kitu. Alipofariki tukafungua sanduku lake tukakuta mashuka mapya kabisa, bado yako kwenye nailoni, yamekaa mpaka yamekuwa ya njano kwenye mikunjo, na chini yake kitabu cha benki. Hela ilikuwepo. Nyingi tu. Yaliyofuata kati ya ndugu siyaandiki maana bado yanauma, ila kuna binamu yangu aliacha shule kwa kukosa ada huku anaishi nyumba hiyohiyo na shangazi, na shangazi alimpenda yule mtoto jamani, hilo nina uhakika nalo. Nadhani alikuwa anamuwekea ya baadaye.

Tangu hapo nimekuwa nafuatilia sana habari za watu waliobana halafu wakatoa wakiwa hai. Anayetajwa zaidi ni Chuck Feeney, Mmarekani aliyezaliwa 1931, yeye na mwenzake Robert Miller walianza mwaka 1960 biashara ya maduka yasiyotoza ushuru, yale ya viwanja vya ndege, wakatajirika sana. Mwaka 1984 akahamishia karibu kila alichonacho kwenye taasisi yake, Atlantic Philanthropies, kimyakimya, yaani watu wanaendelea kumuhesabu bilionea kumbe mali sio yake tena, ikaja kujulikana 1997 biashara ilipouzwa. Zaidi ya dola bilioni 8 zimeenda kwenye vyuo vikuu, hospitali na utafiti, Marekani, Ireland, Vietnam, Afrika Kusini na kwingineko. Yeye amepanga apatimenti na mkewe, hana gari, mkononi saa ya plastiki ya Casio, makaratasi yake kwenye mfuko wa plastiki. Septemba 2020 akasaini karatasi za kuifunga taasisi kwa sababu hela imeisha kama alivyotaka iishe, na akafa 2023 akiwa na miaka 92.

Lakini mtu atasema huyo ni bilionea, kwetu inahusu nini. Sawa. Ndo maana mimi namrudia zaidi Oseola McCarty, mama mweusi wa Hattiesburg, Mississippi, aliacha shule darasa la 6 kumuuguza shangazi yake na hakurudi tena, maisha yake yote akafua na kupiga pasi nguo za watu. Hana gari, anatembea kwa miguu, kila senti inayobaki anapeleka benki. Uzeeni afisa wa benki akampangia mezani sarafu 10 za senti kumi, kila sarafu ni sehemu moja ya kumi ya akiba yake, akamwambia agawe. Moja akaweka kwa kanisa lake, moja moja kwa ndugu zake watatu, na 6 zilizobaki akazisogeza zote kwa University of Southern Mississippi, chuo ambacho ujanani mwake mtu mweusi haruhusiwi hata kusoma. Ilikuwa kama dola 150,000. Ilitangazwa 1995 akiwa na miaka 87, na hela yenyewe ilipangwa ikabidhiwe baada ya kifo chake, ila kwa kuwa alilitamka akiwa hai, wafanyabiashara wa mji ule wakachanga wanafunzi waanze kusaidiwa palepale, akamuona kwa macho yake binti wa kwanza aliyepata ufadhili. Alifariki 1999, angekaa kimya tu asingemuona.

Hapo ndo penye uzito kwangu. Ukitoa ukiwa hai unaona hela imefika au imeliwa njiani, unauliza, unarekebisha, mwakani unatoa vizuri zaidi. Na shida za watu hazikai kusubiri mirathi, mtoto wa miaka 14 anahitaji ada akiwa na miaka 14. Sisemi mtu ajimalize mpaka awe mzigo kwa wengine, hata Feeney alijibakizia kama dola milioni 2 yeye na mkewe, na mimi nimeanza kwanza na akiba ya dharura ya miezi sita. Ila kubana bila kujua unambania nani, hapana, mimi nimeona mwisho wake kwenye lile sanduku.

Sa hivi kila mwisho wa mwezi nina sehemu nikishaitenga siigusi, na kwa sasa inaenda kwa yule binamu, amerudi kusoma masomo ya jioni, mtu mzima na kazi yake na watoto wawili. Mashuka tuligawana, langu nimelitandika kitandani. Juzi usiku kanitumia picha ya daftari, hesabu za logi, kaandika "namba nne imenishinda, wewe unaikumbuka?" Siikumbuki, lakini nimeitafuta mpaka saa saba usiku na nadhani nimeipata.