Kidonge Chini ya Ulimi

Leo ni siku ya 611 tangu nilipokunywa pombe kwa mara ya mwisho, na imenitia hofu kuliko siku nyingi zilizoitangulia. Sikukaribia baa wala chupa. Hakuna aliyenikaribisha glasi, na ile hamu ambayo zamani ilikuwa ikinikaba koo haikunijia hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba dada yangu mkubwa alinipigia simu saa kumi na moja jioni kuniuliza niko wapi, nami nikamjibu kwamba niko kwenye foleni duka la dawa, hali nimekaa peke yangu kwenye benchi, mikono mitupu, nikitazama watu wakipita. Nilikuwa na haki kamili ya kukaa pale. Dada asingekasirika wala kushuku chochote, na pengine angeniambia kwamba nimefanya vyema kupumzika. Nilimdanganya bila faida yoyote, tena kwa wepesi ulionishangaza mimi mwenyewe, kwa maana neno "foleni" lilinitoka kabla hata sijalitafuta.

Mtu ambaye hajawahi kuwa mraibu ataona ninalikuza jambo dogo. Huenda ni kweli. Lakini ninajua nilivyoanguka mara iliyopita, na ninajua kwamba sikuanguka siku niliyokunywa.

Kuacha pombe kwenyewe, nikikutazama kutoka hapa nilipo, kulikuwa zaidi kazi ya mwili. Nilikuwa nimefikia hatua ya kuzimua kila asubuhi, si ili nilewe, bali ili mkono uweze kushika kijiko bila kumwaga. Muuguzi aliyenipokea hospitalini alinieleza kwamba ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku hujiongezea msisimko ili kujisawazisha, hivyo pombe ikiondolewa ghafla, msisimko huo hubaki bila wa kuuzuia. Ndiyo maana mitetemeko, jasho na mapigo ya moyo ya kasi huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kumpata mtu ndani ya saa 48 za kwanza, na wapo ambao kati ya siku ya pili na ya nne huweweseka na kuona visivyokuwepo, hali inayoweza kuua. Kwa hiyo anayekunywa kila siku asijifungie chumbani kuacha peke yake kwa ushujaa. Aende kwa daktari. Mimi nilipewa dawa za kutuliza zilizopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa unywaji wa muda mrefu huimaliza mwilini na upungufu wake huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Nilitoka baada ya wiki moja, mwepesi na aliyekonda, nikiamini kwamba kazi imekwisha.

Daktari hakuamini hivyo, akaniandikia disulfiramu. Dawa hii haiondoi hamu. Kinachofanyika ni kwamba ini, likianza kuivunja pombe, kwanza huigeuza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, ambayo kwa kawaida huvunjwa upesi. Disulfiramu huizuia hatua hiyo ya pili, sumu ikajaa, na mnywaji akapata wekundu wa uso, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio, mara nyingine kwa kiasi cha hatari. Hata dawa ya kusukutulia mdomo yenye kileo nililazimika kuiacha. Nilipenda kusoma kwamba watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliimeza wenyewe katika miaka ya 1940 wakiichunguza kama dawa ya minyoo, kisha wakashangaa kuugua kila walipokunywa kidogo. Niliisoma habari hiyo kwa furaha ya mwanafunzi mwema, na ninaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuijua dawa yake vizuri sana huku akitafuta mlango wa kuikwepea.

Mlango niliuona siku ileile, mbele ya daktari. Alinionya kwamba hata nikiacha vidonge nisithubutu kunywa, kwa kuwa athari yake huweza kubaki mwilini hadi wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho. Yeye alilisema kama onyo. Mimi nililisikia kama ratiba.

Dada ndiye aliyekuwa akinipa kidonge. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikiweka kwenye kiganja changu, akanipa glasi ya maji, kisha akageuza uso kutazama dirishani, kwa sababu hakutaka nijione mfungwa anayelindwa na askari. Heshima hiyo ndiyo niliyoitumia. Siku ya 126 ya kuacha kule kwa kwanza nilikisukuma kidonge chini ya ulimi, nikanywa maji, nikasema asante, na alipotoka nikakitema kwenye tishu na kuitia katika mfuko wa gauni langu la nyumbani. Sikuwa nimekusudia kunywa, au ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia kwamba ninachoka na ladha ya chuma ambayo dawa huacha mdomoni. Ladha hiyo ilikuwepo kweli, wala sikuibuni, na nimejifunza kuuogopa zaidi uongo wa namna hiyo, ule wenye nusu ya ukweli ndani yake, kwa kuwa mwenye kuusema huweza kuapa kwa dhamiri safi.

Siku zilizofuata uongo ulizaana. Mwenzangu kazini akiniuliza hali, nilisema salama tu. Katika kikundi chetu, ambacho hufuata njia iliyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wawili, walipoona kwamba mlevi hujiokoa kwa kuzungumza na mlevi mwenzake, zamu yangu ilipofika nilisema kwamba leo nitasikiliza tu. Nilisikiliza tu kwa mikutano 5. Hakuna siku kati ya hizo niliyokuwa na hamu kali, na mtu angenipima angenikuta sina kileo hata chembe. Nikanywa siku ya 143, yaani siku 17 baada ya kidonge cha kwanza kutemwa. Nilijiongezea siku 3 juu ya zile 14 za daktari. Hata katika upumbavu wangu nilikuwa mtu wa tahadhari.

Kunywa kwenyewe hakuna hadithi. Glasi ya kwanza ilinilewesha upesi kuliko nilivyokumbuka, kwa kuwa mwili ulikuwa umepoteza usugu wake, na hilo peke yake limewaua watu waliorudia kipimo chao cha zamani. Kisha likaja wazo kwamba maadamu nimeshaharibu, basi na niharibu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alilichunguza sana wazo hilo na kueleza kwamba aibu ya glasi ya kwanza ndiyo humsukuma mtu kwenye chupa nzima. Kwangu zilikuwa siku 3, kisha hospitali tena.

Niliporudi nyumbani nilimkuta dada amefua nguo zangu. Zile tishu alikuwa amezitoa mfukoni na kuzipanga kwenye ukingo wa dirisha, lile lile alilokuwa akilitazama ili anisitiri. Zilikuwa 11, zimekauka na kuwa ngumu, kila moja na doa jeupe katikati. Sijui nyingine zilipotelea wapi. Nilisubiri kelele, nikaandaa na majibu, lakini alizungumza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mdogo wangu, kwa pombe sikulaumu, huo ni ugonjwa. Lakini kila asubuhi ulikuwa unaniambia asante."

Sikuwa na jibu la hilo, na hadi leo sina. Niliomba mimi mwenyewe kwamba kuanzia siku hiyo kidonge kisagwe, kikorogwe kwenye maji, ninywe kikombe chote mbele yake, kisha nifungue mdomo na kuinua ulimi. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi daktari aliponiachisha dawa hiyo miezi 5 iliyopita.

Watu wakiniuliza ninavyoweza, hutarajia nizungumzie nia na uthabiti. Sina nia kubwa. Kwenye sherehe ninasema "situmii" na mambo yanaishia hapo, na anayezidi kunishurutisha mara nyingi ana shida yake mwenyewe na glasi iliyo mkononi mwake. Hamu nayo ikija, nimejifunza kwamba hupanda na kushuka kama wimbi, na kwa kawaida nusu saa haiishi kabla haijalegea, iwapo nitainuka nilipo, nikala kitu na kumpigia simu mtu. Haya ni mambo yanayobisha hodi. Uongo haubishi hodi, kwa kuwa huzaliwa ndani ya nyumba.

Ndiyo maana leo, nilipokata simu, nilibaki kwenye benchi nikiwa na baridi mwilini. Nilimpigia mama mmoja mtu mzima, mlezi wangu katika kikundi, aliyeacha pombe wakati mimi nikiwa bado shuleni, nikamsimulia yote. Aliniuliza nilikuwa ninaficha nini. Nikamwambia kwamba sikuwa ninaficha kitu.

"Basi ulikuwa unafanya mazoezi, mwanangu," akasema.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali lililonikalisha pale kwa robo saa nyingine: je, baada ya kudanganya nilijisikiaje? Nilitaka kujibu kwamba nilijisikia vibaya. Ukweli ni kwamba kabla ya hofu kufika, kwa muda mfupi sana, nilijisikia vizuri. Palikuwa na raha fulani katika kuwa mahali ambapo hakuna mtu duniani aliyejua kuwa nipo. Na raha hiyo niliitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiipata kwa miaka yote ya kunywa, hata kabla ya kufungua chupa: raha ya chumba ambacho ufunguo wake ninao peke yangu. Pombe nimeizoea kuikosa. Chumba kile ndicho ninachokiwaza bado, na sikujua hivyo hadi leo jioni.

Sijui kama nitaacha kukiwaza. Mama yule hakuniahidi hilo, alinituma tu niende nyumbani nikaseme.

Dada alikuwa anafuta meza nilipoingia. Nilimweleza kuhusu benchi kabla sijavua viatu, kwa kuwa ningevua viatu ningepata muda wa kuipamba habari. Aliendelea kufuta mahali pale pale palipokwisha kuwa safi, na kwa kitambo hakuniangalia. Kisha akaweka kitambaa chini, akanisogelea na kusema, "Fungua mdomo."

Nilifungua, nikainua na ulimi. Tulicheka wote wawili, tukacheka hadi akaegemea meza. Lakini safari hii hakugeuza uso dirishani. Alinitazama mdomoni kwanza, ndipo akacheka.