Namba 47 ukutani kwa bibi

Waliiandika mapema mwaka 2018, kwa rangi nyekundu, kushoto mwa mlango wa bibi: 47. Halmashauri yenyewe siitaji, bado naihitaji; ni mojawapo ya hizi zetu za mkoa wa Mtwara, yenye soko lililochoka na stendi iliyochoka zaidi. Kwenye mkutano wa mtaa tuliambiwa vyote viwili vinajengwa upya na nyumba za pembeni zitapisha kwa kulipwa fidia. Wathamini wakaja, wakapima vyumba, wakahesabu mwembe na mikorosho miwili ya uani, wakampiga bibi picha mbele ya mlango kashika kibao cha namba. Tukakatazwa kuongeza hata tofali.

Wa upande wa stendi walilipwa baada ya miezi michache, greda likaingia. Sisi wa soko, kimya. Kila nikiuliza najibiwa "mchakato unaendelea". Jibu la maana nililipata kwa mama mmoja wa idara ya fedha, tena kwa bahati, tukisubiri chapati kwa mama lishe. Stendi ilikuja na hela ya serikali kuu. Soko lilitegemea mapato ya ndani, na mapato ya ndani huku ni ushuru wa korosho, asilimia 3 ya bei. Msimu wenyewe ndio ule wakulima waligomea bei za wanunuzi, serikali ikazichukua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. "Ushuru hatujauona, baba," akaniambia. "Hilo soko litajengwa na nini?"

Kwa hiyo tukakaa. Bati za chumba cha nyuma zilikuwa zimeoza, na kila mvua ikinyesha tunasogeza kitanda cha bibi, mpaka kikafika sebuleni. Kutengeneza tunaogopa, tusije tukaambiwa tumevunja katazo. Bibi akafariki 2019, kitanda kikiwa hapo hapo sebuleni.

Baada ya arobaini ndipo nikaamka. Rafiki yangu aliyesomea ardhi aliniuliza swali moja tu: Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha lini ule uthamini? Sikujua hata kama kuna tarehe ya namna hiyo. Kumbe Sheria ya Uthamini ya 2016 inaihesabu sana. Ikipita miezi sita tangu kuidhinishwa hujalipwa, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka miwili, uthamini umekufa, inabidi uanze upya kwa bei za wakati huo. Kuipata tarehe hiyo kulinigharimu safari tano za ofisini. Mara jalada liko kwa bosi, mara mwenye ufunguo kaenda semina. Ya tano nikaikuta: miaka miwili inatimia Machi 2020.

Lakini mimi ni nani wa kudai? Karatasi zote zina jina la bibi. Hapa ndipo wengi wa mtaani kwetu walikwama, na nadhani ofisi zinalijua hilo. Tukaitisha kikao cha ukoo. Mjomba, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye neno, alitaka aandikwe yeye, na ilikuwa haki yake. Ila miguu ya kupanda ngazi za ofisi hana. Tulizungumza hadi saa nne usiku. "Mpwa wangu, kaandikwe wewe," akasema mwishowe, "ila huo mlango usije ukapotea." Muhtasari wa kikao, cheti cha kifo na barua ya mtaa nikavipeleka Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, nikatoka na barua ya usimamizi wa mirathi.

Machi ilipopita niliandika barua ya ukurasa mmoja. Sikulalamika. Nilitaja tarehe ya idhini, nikaomba mambo mawili: uthamini mpya, na ruhusa ya maandishi ya kuezeka chumba kimoja wakati tukisubiri. Nakala yangu nikaing'ang'ania mpaka ikagongwa muhuri wa "imepokelewa". Ule muhuri ulinisaidia kuliko diwani.

Ruhusa ya bati ilitoka kwanza. Wathamini wakarudi baada ya miezi kadhaa, na safari hii nilikaa nao bega kwa bega. Mwembe ulikuwa umeshakauka, haukuhesabiwa. Posho ya makazi, ile ya kupanga kwingine ukishahama, ni kodi ya mwezi mara 36. Mwanzo walikuwa wameweka kodi ya 60,000, yaani 2,160,000. Nikawaonyesha mikataba miwili ya majirani, wakaandika 90,000, ikawa 3,240,000. Ongeza posho za usumbufu na usafiri, achilia mbali nyumba yenyewe.

Hela iliingia mwaka uliofuata, korosho zikiwa zimechangamka tena. Siku tatu kabla ya greda, mjomba alikuja na fundi wake na mtaimbo, wakaung'oa mlango pamoja na fremu yake. Kipande cha ukuta kikabomoka nao, chenye ile 4. Ile 7 ilibaki.