Sifa inayomwonyesha mwandishi alipopatia

"Kazi nzuri sana, hongera, endelea hivyo hivyo." Maneno haya tunayomwandikia mwenzetu aliyetuonyesha hadithi yake mara nyingi hutoka moyoni, na hakuna anayeyachukia. Lakini yajaribu hivi: yachukue uyaweke chini ya hadithi nyingine yoyote, au hata chini ya shairi, uone kama yatapwaya. Hayapwayi. Yanaenea kila mahali, ndiyo maana mwandishi akishayasoma hufurahi kidogo kisha hubaki na swali: niendelee hivyo hivyo vipi? Nimefanya nini hasa?

Naamini kumtia moyo mwandishi mwenzako ni kumwekea kidole pale alipopatia, ili kesho apatie tena kwa kukusudia. Kazi hii inataka usomaji makini kuliko kukosoa. Kosa hujitangaza lenyewe. Sentensi iliyotulia hupita kimya.

Kwa hiyo soma mara mbili. Maandishi ya maneno 1,000 yanakuchukua dakika 5 hivi, basi huna sababu ya kuruka. Mara ya kwanza soma bila kalamu, kama msomaji yeyote. Ukimaliza, kabla hujarudi juu, andika picha au sentensi iliyobaki kichwani. Iliyobaki bila kulazimishwa ndiyo yenye nguvu. Mara ya pili ndipo uweke alama: hapa nilitabasamu, hapa nilirudia kusoma, hapa mawazo yalihama.

Sifa yenye manufaa ina vipande viwili: maneno yenyewe ya mwandishi, na kile yalichokufanyia. Tuseme mwenzako ameandika, "Aliosha vikombe viwili, akakumbuka, akarudisha kimoja kabatini." Usimwambie tu kwamba ana hisia. Mwambie: "Hukutaja kifo wala upweke, lakini kile kikombe kinachorudishwa kabatini kilinifanya nisimame. Kitendo kimefanya kazi ya aya nzima ya maelezo." Sasa anajua ana chombo gani mkononi. Safari ijayo akitaka kuandika juu ya msiba, ataanza kutafuta kitendo.

Ukikosa kabisa cha kusifu, soma tena. Karibu kila rasimu ina kitu: jina la mhusika lililomkaa, mazungumzo yenye mwendo wa mazungumzo ya kweli, mahali alipokata hadithi kwa wakati. Usitunge sifa. Sifa ya uongo humfanya apeleke kwenye mashindano au kwa mchapishaji kazi ambayo haijaiva, na huko hakuna atakayemwambia kwa upole.

Kasoro nazo zisemwe, na namna ya kuzisema inaweza kumfanya aendelee au aache. Eleza kilichokupata wewe uliposoma. "Mazungumzo yako hayaeleweki" ni hukumu. "Nilipofika mstari wa sita wa mazungumzo sikujua tena nani anasema, kwa sababu jina halijatajwa tangu mstari wa kwanza" ni taarifa; ndani yake mna mahali, sababu na hata dawa. Chagua mambo mawili, yasizidi matatu, na yawe yale makubwa: msuko wa matukio, nafsi ya msimulizi, mahali hadithi inapoanzia. Ukimrundikia kasoro 20 hatajua aanze na ipi, naye ataifunga rasimu asiiguse tena.

Neno "lakini" linataka tahadhari. "Umeandika vizuri, lakini..." Mwandishi akishalizoea, husikia kila sifa kama hodi ya lawama. Maliza sifa, weka nukta, anza aya mpya. Kisha uliza: "Kwa nini dada mkubwa anaondoka usiku ule? Nilitamani kujua." Swali la kweli humrudishia kalamu.

Kuhusu tahajia: rasimu ya kwanza ikiwa na makosa mengi, tafuta yanayofanana. Badala ya kusahihisha "ame fika", "wali sema" na "nime ona" kila moja mahali pake, sema mara moja kwamba viambishi huandikwa pamoja na kitenzi, toa mifano miwili, basi. Na kabla hujasahihisha usemi wa mhusika, hakikisha si lahaja yake. Bibi katika hadithi ana haki ya kusema kama alivyozaliwa akisema.

Mashairi yanataka kipimo chake. Kwa shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, hesabu kwanza. Tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) yenye mizani, yaani silabi, 16 kwa mshororo, 8 kila upande, ikipungukiwa na mizani moja katika ubeti wa tatu, kutaja ubeti, mshororo na kipande ni msaada mkubwa kuliko kusema "mapigo yanakatika". Taja pia kina (silabi za mwisho zinazofanana) kilichokuja bila kulazimishwa. Shairi huru usilipimie mizani. Angalia mistari inakatwa wapi, na kwa nini pale.

Jambo ambalo wengi hulisahau: ukitaja yanayotokea ndani ya hadithi, useme "msimulizi" au jina la mhusika, usiseme "wewe". Mtu aliyeandika juu ya ndoa iliyovunjika au mtoto aliyepigwa hajakwambia kwamba ni yake. Hata kama ni yake, asifichuliwe na maoni yako.

Epuka pia kumwandikia upya. Sentensi moja ya mfano inatosha, tena useme ni mfano. Ukizidisha, rasimu itarudi ikiwa na sauti yako.

Kama mwandishi ameomba jambo maalumu, kwa mfano "mwisho unaaminika?", lijibu hilo kwanza. Asipoomba, muulize rasimu ni ya ngapi. Mgeni anayeonyesha kazi yake kwa mara ya kwanza mpe nguvu mbili zenye nukuu na swali moja tu. Mjibu ndani ya siku mbili tatu, maana kwa mgeni kimya husomeka kama jibu.

Na rasimu ya pili ikija, ifungue sambamba na ya kwanza. Tafuta alichobadilisha, umtajie: "Ule mlango wa mwanzo umeutoa, sasa tunaingia moja kwa moja jikoni, na hofu imeanza mapema."