Kikombe cha Maji

Jumamosi iliyopita nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kikombe cha maji.

Hakuwa amekosa chochote. Tulikuwa tunayeyusha vile vishina vya mishumaa ninavyovilimbikiza kwenye kopo, na yeye, kwa busara ya miaka yake 8, akaenda kuchota maji akayasogeza karibu na jiko. "Ikishika moto tutazimia haya, Mama." Kabla sijawaza nikawa nimeshasema: "Maji hapana!" Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya Dada, vilevile, na ule mkato wake wa mwisho usioacha nafasi ya swali. Mtoto akashtuka, maji yakammwagikia vidoleni. Alikaa akinitazama, halafu akauliza taratibu, "Kwani moto hauzimwi na maji?"

Nilimjibu kuhusu maji. Kuhusu ile sauti sikumjibu, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani.

Siku yenyewe nilikuwa na miaka 9, Dada 15. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na Mama ndiyo kipindi kile alichokuwa hayupo, mnakijua, sitakirudia. Droo ya jikoni ilikuwa na vishina tu, vile vipande vya mwisho ambavyo utambi umezama na haviwashiki tena. Mimi nilivihesabu kuwa takataka. Dada alivimwaga mezani, akavipangua kwa kidole, akasema vinatosha mishumaa 9 midogo, labda 10.

Kila kitu alichotumia kilikuwa kinangoja kutupwa. Kopo la bati alilibinya ukingo kwa koleo mpaka likapata mdomo wa kumiminia. Maganda ya mayai alikuwa ameyatunza kwa siku kadhaa bila kutuambia kwa nini. Kila yai alilitoboa kwa juu tu, akaliosha, kisha akalivua ule utando mweupe wa ndani kwa ncha ya kidole, pole pole, kama anayemvua mtoto soksi bila kumwamsha. Alisema ukiuacha utando, mshumaa ukifika chini utanuka. Maganda akayasimamisha kwenye trei yake ileile yaliyokuja nayo.

Kazi iliyomchukua muda ni utambi. Alichomoa nyuzi kwenye tambara kuukuu la kupigia deki, na kabla ya kuziamini akaziunguza moja moja kwenye kiberiti. Uzi uliojikunja ukawa kidonge kigumu cheusi aliutupa, kwa sababu huo ni nailoni. Uliobaki jivu laini ndio pamba, na pamba ndiyo inayonyonya nta. Kisha akasuka tatu tatu, kama nywele. Nikamuuliza kwa nini asiweke uzi mmoja mnene tukamaliza. Akasema uzi uliosukwa hujipinda ukiungua, ncha yake ikatoka nje ya mwali na kujimaliza yenyewe, usihangaike kuukata kila mara. Sijui alilipata wapi. Ukubwani nilisoma kwamba utambi wa kusuka uliletwa na Mfaransa, Cambacérès, mwaka 1825, na kwamba kabla yake watu walikaa na mkasi kando ya mshumaa jioni nzima wakipunguza utambi. Dada hakunitajia Mfaransa yeyote. Alisuka tu, kichwa kimeinama, uzi mmoja ameushika kwa meno.

Mimi kazi yangu ilikuwa jiko. Kopo lenye vishina lilikaa ndani ya sufuria yenye maji, na nilipewa kikombe cha kuongezea maji yakipungua. Amri ilikuwa moja: kopo lisitoke kwenye sufuria.

Nililitoa.

Nta ilikuwa inachelewa. Ilianza kulegea pembeni, katikati vipande bado vimesimama kama mawe mtoni, na nje giza lilikuwa linaingia. Dada alikuwa amenipa mgongo. Alichovya kila utambi kwenye nta kidogo aliyoiyeyusha mwanzo, akaunyoosha kwa vidole, akaupuliza ugande. Nikaona nitamsaidia kwa kuharakisha. Nikalishika kopo kwa kitambaa, nikaondoa sufuria, nikaliweka kopo moja kwa moja juu ya moto.

Kwa muda mfupi ilikuwa raha. Vipande vilizama kimoja baada ya kingine, nta ikawa angavu kama maji, nikauona mpaka mshono wa bati chini ya kopo. Kisha ukaanza kupanda moshi mwembamba, mweupe, usio na haraka. Harufu yake ndiyo ile ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ila nzito zaidi, inayokaa kooni. Nikadhani ndivyo nta inavyochemka. Nikainama niangalie.

Moto haukulipuka. Hilo ndilo ninaloliona wazi mpaka leo. Ulipanda kutoka ubavuni mwa kopo, ukauzunguka mdomo, kisha ukasimama juu yake, wa manjano, kimo cha shubiri mbili hivi, bila kelele yoyote. Ulikuwa mzuri. Mwanga wake ulijaa jikoni kote, nikaona kivuli cha Dada kikikua ukutani, na nakumbuka niliona kivuli chake kikigeuka kabla sijamwona yeye mwenyewe akigeuka. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kukichukua. Mkono ulikuwa umeshakwenda nyuma kama wa mtu anayerusha, na maji yameanza kuinama kwenye ukingo wa kikombe.

"Maji hapana!"

Pigo la kwanza lilitua kwenye kifundo cha mkono, kikombe kikaruka, maji yakachora ukuta. La pili lilitua shavuni. Lilikuwa kofi kamili, la mkono wazi, lililonisukuma hatua mbili mpaka mlangoni. Dada hakuwa amewahi kunipiga. Katika nyumba yetu ile ya miezi ile, yeye ndiye aliyekuwa akisimama kati yangu na wapigaji. Nililishika shavu na kumwangalia, na yeye hakuniangalia hata kidogo. Alizima jiko. Akachukua mfuniko wa sufuria, akaushika kwa ukingo, akauelekeza kwenye moto kutoka upande wake na kuutelezesha juu ya kopo taratibu, kama mtu anayefunga kitabu kilicholaliwa na mtoto. Mwali ukachungulia upande mmoja, ukarudi ndani, giza likaingia jikoni.

Nikasikia pumzi zetu tu.

Nikaenda kufunua nione kama umezimika. Akaudaka mkono wangu, safari hii bila nguvu. "Usifunue. Ukifunua sasa unawaka tena." Tukakaa chini, mgongo ukutani, mpaka bati likapoa kiasi cha kugusika. Nilihisi harufu ya nywele zilizoungua. Ilipowashwa njiti niliona nywele za mkono wake wa kulia zimejikunja na kuwa punje za kahawia kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alizipangusa kwa kiganja, zikadondoka. Hakusema neno.

Nilichomweleza mwanangu Jumamosi ndicho hiki, na nakiandika hapa pia kwa sababu wengi mnaniandikia kwamba mnayeyusha nyumbani na watoto. Kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke wa nta. Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65 za Selsiasi hivi, na mvuke wake hushika moto nta ikipanda kufika karibu nyuzi 200. Maji yanayochemka kwenye sufuria hayapiti 100. Kwa hiyo kopo likikaa ndani ya maji, nta haiwezi kufika pabaya hata uisahau, ili mradi maji hayajakauka. Ukiliweka kopo juu ya moto mtupu, hakuna tena kinachoizuia. Na nta ikishawaka, maji utakayoimwagia ni mazito kuliko nta. Yanazama chini yake, yanakutana na joto lile, yanageuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara elfu moja. Mvuke huo unaitupa nta yote juu kwa matone, na kila tone linawaka. Moto wa shubiri mbili unakuwa moto wa kufika dari, na aliyeinama juu yake na kikombe anaupokea usoni.

Mimi nilikuwa nimeinama.

Hilo nilikuja kulijua nikiwa na miaka zaidi ya 20, mbele ya mtu aliyekuwa akitufundisha usalama kazini. Alimwagia kikombe kidogo cha maji kwenye mafuta yanayowaka, yeye amesimama mbali na fimbo ndefu. Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilishika shavu.

Jioni ile, ya mishumaa, ilibidi iendelee. Nta iliyobaki ilikuwa imekuwa ya kahawia, na ilitosha maganda manne tu. Dada aliirudisha kwenye sufuria ya maji, akamimina mwenyewe. Ilipoganda ikabonyea katikati, ikiacha shimo kuuzunguka utambi, kwa sababu nta hunywea ikipoa. Akaongeza kidogo kufunika shimo. Mimi nilikuwa nimelala kitandani nimegeukia ukuta. Sikutaka kuona chochote cha mkono ule.

Akaja na ganda moja, akaliweka kwenye kiti nyuma yangu, akawasha. "Mdogo wangu, geuka nikuoneshe kitu." Sikugeuka. Akapuliza mshumaa ukazimika, akawasha njiti, akaishika vidole viwili juu ya utambi, ndani ya ule moshi. Naujua mchezo huo sasa, nimemfundisha mwanangu: moto hushuka kwa kuufuata moshi na kuurukia utambi bila njiti kuugusa, maana moshi ule ni nta ambayo haijaungua. Nimesoma kwamba Michael Faraday aliwaonesha watoto jambo hilohilo London, kwenye mihadhara yake ya mshumaa ya Krismasi ya 1860. Dada hakuwa na ukumbi. Alikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo amempa mgongo.

"Geuka basi." Akapuliza tena, akawasha tena.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Umeme ulirudi keshokutwa yake, Mama akarudi baadaye, Dada akaolewa, mimi nikahama. Tumezungumza mengi yeye na mimi katika miaka hii, hata yale mazito ya kipindi kile. Hili la kofi hatujawahi kuligusa. Nilikuwa nadhani analibeba kama mimi, na kwamba siku moja mmoja wetu atalifungua.

Basi Jumamosi usiku, mtoto ameshalala, ganda lake la yai likiwaka mezani, nikampigia. Nikamwambia nimemfokea mwanangu kwa sauti yako. Akacheka. Nikamwambia, nilikuwa nataka kusema asante kwa kofi lile, na samahani kwa kukuchukia kwa sababu yake, maana nilikuchukia, Dada, kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri.

Kimya. "Kofi gani?"

Nikamkumbusha kopo, moto, kikombe. Moto aliukumbuka, mfuniko pia, hata nywele za mkono. "Lakini nilikupiga? Mimi? Wewe?" Akalirudia mara mbili tatu, sauti ikishuka kila mara, nikajuta kwamba nimempa kitu ambacho hakuwa nacho. Nilikuwa nimepiga simu kumtua mzigo, na sasa nilimsikia akiupokea kwa mara ya kwanza. Nikasema haraka kwamba lilikuwa dogo, halikuuma. Hakunijibu hilo.

"Mimi ninachokumbuka," alisema baadaye, "ni kwamba hukugeuka. Nilikuwashia ule mshumaa mara nne. Nilijiunguza na njiti. Nikasema hii ya mwisho akigeuka atacheka, na hukugeuka. Ndicho nilicholala nacho."

Ukuta ulikuwa shubiri moja kutoka usoni kwangu, umepakwa chokaa. Mshumaa ukizimika ulikuwa unapotea wote. Kisha kwanza ulikuja mwanga mdogo wa njiti, na mara moja, kwa kuruka, ule mkubwa, na kichwa changu mwenyewe kikijichora mbele yangu na kivuli cha mkono wake kikijiondoa. Nilikuwa macho. Niliuona ukizimika na kurudi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ule wa nne niliungoja.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia hivyo, nikasikia kwake mtu anamwita, akasema subiri kidogo. Nikasubiri na simu sikioni, huku mwali wa mtoto ukianza kuzama ndani ya ganda, na ganda lote likiwaka rangi ya chungwa kwa ndani.